Chapa Isiyo ya Ukoo

Muuza maziwa wa mtaani kwetu alikuwa na chuma cha kutilia chapa miaka sita kabla ya kuwa na ngamia wa kumtia. Chuma chenyewe kilining'inia mlangoni mwa kibanda chake kwa ukanda wa ngozi, na kila aliyeingia ilimlazimu ainame kisimgonge kipaji. Wanawake wenzake walimtania. Walimwuliza kama anangoja ngamia waanguke kutoka mbinguni. Naye aliendelea kuvifukiza moshi vibuyu vyake, asiinue uso.

"Wacha cheke," aliniambia. "Meno itachoka."

Alifuliwa chuma hicho na mhunzi mmoja wa kando ya mto. Mhunzi alipojua kwamba chapa ni ya mwanamke, aliweka nyundo chini akacheka hadi machozi yakamtoka. Kule Garissa na kuendelea juu hadi Mandera, mwanamke anaweza kuwa na mbuzi wake na punda wake, lakini ngamia ni mali ya wanaume, na hutiwa chapa ya ukoo. Hakuna chapa ya mtu mmoja, sembuse ya mjane. Yeye alichuchumaa, akachora mchangani kwa kidole duara na mstari mmoja unaolikata ukatokeza upande wa pili. Mhunzi akamwuliza maana yake.

"Maana yake ni mimi," akasema.

Mimi nilifika Garissa nikiwa bi arusi, nikimfuata mume wangu aliyekuwa seremala wa serikali. Kwetu ni chini kabisa ya mto huohuo wa Tana, kwa hiyo maji niliyajua, lakini vumbi lile na miiba ile sikuijua, wala lugha ya watu. Jirani wa kwanza kunisemesha alikuwa yeye. Alisimama mlangoni pangu na punda wake, akanitazama toka unyayo hadi utosi, akasema, "Wewe mwembamba. Kunywa maziwa ya ngamia. Ya ng'ombe ni maji." Nikamwita Eddo, kama walivyomwita wote, yaani shangazi. Yeye akaniita abaayo, dada, ingawa angeweza kunizaa.

Kisa cha ndoto yake ya ngamia alinisimulia mara moja tu. Mumewe alipokufa, shemeji yake alitaka kumrithi pamoja na mifugo, kama desturi inavyoruhusu. Yeye akamkataa. Basi ngamia wakabaki kwa shemeji, na yeye akatoka na binti yake, punda mmoja na vibuyu.

"Nimekamua miaka ishirini," alisema, akinionyesha viganja. "Mkono yangu inajua kila titi. Siku bwana nakufa, wanasema, mama, toka, ngamia si yako. Haya. Mkono yangu nimetoka nayo."

Ndipo akaweka nia. Alitaka ngamia jike kumi, wenye chapa yake, ambao hakuna mwanamume atakayeweza kuamka asubuhi akasema ni wake. Alisema kumi, wala sikumsikia hata siku moja akisema tisa.

Alikuwa mkali, na sitamsafisha kwa sababu tu simwoni tena. Aliuza maziwa ya wenzake waliokuwa malishoni akapata sehemu yake, na sehemu hiyo aliigeuza kuwa mbuzi. Tone moja halikupotea. Binti yake, aliyekuwa na miaka kama kumi na minne nilipofika, alikunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, asubuhi na jioni huku akibeba vibuyu vilivyojaa. Siku moja nilimwona yule msichana akilamba mfuniko wa kibuyu, povu tu lililobaki. Mama yake alimpiga kwa kata ya mti hadi kata ikapasuka, kisha akamlaumu kwa kuipasua.

Lakini kila asubuhi, kabla hajauza, alimpelekea kikombe kipofu mmoja aliyekaa ukutani mwa msikiti, akasimama hadi amalize. Na binti yuleyule alipochomwa mwiba wa mgunga ukavunjikia unyayoni, nilimkuta mama yake amelala kifudifudi kwenye jua la mchana, akiutoa kwa meno, akitema damu na usaha, saa nzima. Msichana akilia, anamwambia anyamaze. Akinyamaza, anamwuliza, "Umekufa?"

Ngamia wa kwanza alimpata kwa mbuzi kumi na wawili. Mtamba mwekundu, mkaidi, mwenye sikio lililochanika. Siku ya kumtia chapa hakutokea mwanamume wa kule wa kumshikia chuma, wala wa kushika kamba. Walisimama mbali na fimbo zao mabegani wakitazama. Mume wangu ndiye aliyemshika ngamia kichwa, na binti akakalia kamba ya miguu. Muuza maziwa alikitoa chuma motoni mwenyewe. Nywele zikaungua, ngamia akapiga kelele kama mtu, na duara likabaki shavuni mwake, jekundu, linatoa moshi. Yule mama akacheka. Wazee wakaondoka bila kusema neno.

Kisha vita vikaja. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Watu wengi wa kule walitaka kujiunga na Somalia, serikali ikakataa, vijana wakaingia porini na bunduki, na askari wakaletwa kwa malori. Serikali iliwaita shifta, yaani majambazi. Majina waliyojiita wenyewe ni mengine. Kukawa na amri ya kutotoka nje, na vibali, na safari za malori kwa msafara tu. Kila mtu aliulizwa yuko upande gani. Muuza maziwa aliulizwa pia, na pande zote mbili.

"Bendera haina kiwele," aliwaambia.

Aliwauzia askari maziwa kambini mwao, na kwa hiyo mjini wakasema anapeleka habari. Ngamia wake walikuwa wamefika watatu, wakichungwa visimani nje ya mji, na kwa hiyo askari wakasema anawalisha shifta. Siku moja watu wa porini walifika visimani, yeye akiwepo, wakamchinja yule mtamba mwekundu, sasa ngamia mzima mwenye maziwa. Walimweleza kwamba ni mchango wake kwa taifa. Akawauliza, "Taifa nakula mguu tu, au nakula yote?" Mmoja akampiga kwa kitako cha bunduki. Alirudi mjini amefunga kinywa kwa kitambaa, meno mawili ya mbele hana. Kesho yake alipita na punda, saa ileile.

Wakabaki ngamia wawili.

Hapo ndipo alipomtoa binti yake. Mposaji alikuwa mzee wa Modogashe, mwenye mifugo mingi na wake wawili, na aliahidi mahari ya ngamia jike watano. Kwa kawaida mahari huenda kwa wanaume wa upande wa baba. Muuza maziwa alikataa katakata. Alimwambia yule mzee kwamba ngamia waletwe mkononi mwake au binti asimwone. Mzee alimtamani msichana, akakubali.

Msichana alikuja kwangu mchana, ameshika upande wa leso yangu kama mtoto mdogo.

"Dada, mwambie mama. Wewe anakusikiliza. Yule mzee watoto wake wakubwa kuliko mimi. Mama ananiuza."

"Mama hauzi mwana," nikasema.

"Anauza maziwa kila siku. Amezoea."

Nilikwenda. Nilimkuta anasugua vibuyu kwa majivu.

"Eddo, mtoto hataki."

"Mimi pia hataki. Nani aliuliza mimi?"

"Basi usimfanyie ulivyofanyiwa wewe."

Akaweka kibuyu chini. "Sikia. Mimi walinitoa, ngamia nakula baba yangu na kaka yangu. Yeye anatoka, ngamia anakaa kwa mama yake. Siku mimi nakufa, ngamia ni ya nani? Ni yake. Huoni iko tofauti?"

Nikamwambia kwa msichana hakuna tofauti. Usiku atakaolala na yule mzee ni uleule.

"Wewe mume yako iko na mshahara," akasema. "Rudi nyumbani, abaayo. Chakula yako inaungua."

Siku msafara wa malori ulipoondoka kwenda Modogashe, mama hakwenda kumuaga bintiye. Ngamia wa mahari walikuwa wakifikishwa siku hiyohiyo, na chuma kilikuwa motoni. Mimi ndiye niliyempa msichana sanduku lake juu ya lori. Hakulia tena. Alitazama upande wa visima, akavuta shela usoni.

Ngamia wakawa saba. Yule shemeji yake aliyetaka kumrithi akaja mbio kutoka malishoni kudai mahari ya binti wa nduguye. Muuza maziwa alimfukuza kwa fimbo mbele ya watu, naye akaapa kwamba atawapata.

Miezi michache baadaye askari mmoja aliuawa karibu na visima. Asubuhi iliyofuata mifugo yote iliyokutwa upande ule ilikusanywa, ya mwenye hatia na asiye nayo, ikasukumwa hadi boma la miiba karibu na mto. Lango la boma lile lilitengenezwa na mume wangu. Aliamriwa akalitengeneza, hakulala, lakini alilitengeneza. Kutoka pale ndani mifugo ilikuwa inasikia harufu ya maji, na haikupelekwa kunywa.

Muuza maziwa alikwenda kila siku. Siku ya tatu nilifuatana naye. Alisimama langoni, akalipapasa kwa kiganja.

"Mlango nzuri," akaniambia. "Mume yako fundi."

Ofisa alikuwa ameweka meza chini ya turubai. Mbele yake kulikuwa na karatasi iliyochorwa chapa za koo zote za eneo lile. Wazee walikuja ukoo baada ya ukoo, wakaonyesha chapa yao, wakakubali faini ya mifugo kwa ajili ya askari aliyeuawa, na waliosalia wakafunguliwa. Zamu ya muuza maziwa ilipofika, akaonyesha wale saba kwa fimbo. Mkalimani akapitisha kidole kwenye karatasi, juu hadi chini, kisha chini hadi juu.

"Hii chapa ni ya ukoo gani?"

"Yangu."

"Nauliza ukoo."

"Na mimi nasema yangu."

Mkalimani akacheka kidogo, akamtafsiria ofisa. Ofisa hakucheka. Alisema chapa isiyo na ukoo haina mzee wa kuijibia, na mifugo isiyo na wa kuijibia ni mifugo ya watu wa porini. Akaandika.

Ndipo shemeji yake akajitokeza kutoka miongoni mwa wazee. Alikuwa amekomboa ngamia wake. Alimvuta kando, karibu nami, akasema kwa sauti ya chini, Kisomali, lakini kufikia hapo nilikuwa nakielewa.

"Sema ni wa marehemu ndugu yangu. Sema chapa ni kosa la mhunzi. Mimi nitawajibia, nitawatoa leo."

"Wakishatoka?"

"Wakishatoka ni wa ukoo. Utakamua. Hakuna atakayekunyima kukamua."

Akageuka kuwatazama ngamia wake. Ngamia mmoja kati ya wale saba alikuwa ananyonyesha, na ndama wake alikuwa amekanyagwa akafa. Kiwele kilikuwa kimevimba kama jiwe, na anapiga kelele kila akikanyaga. Nilimshika mkono.

"Eddo, kubali," nikamwambia. "Angalau watapona."

"Watapona kwa nani?"

"Watakuwa hai!"

"Mimi pia nilikuwa hai," akasema, "kwa nyumba yao."

Akamrudia ofisa na kusema tena, kwa Kiswahili, apate kusikia bila mkalimani, "Ngamia saba ni yangu. Si ya marehemu. Si ya ukoo. Yangu." Kisha akamwomba askari wa langoni amruhusu kumkamua yule mwenye kiwele. Askari alikuwa kijana, akatazama pembeni. Kibuyu alikatazwa kuingia nacho. Akamkamulia mchangani, maziwa yakiingia vumbini, hadi ngamia akaacha kulia.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafua nguo niliposikia bunduki ya mfululizo upande wa mto. Ililia, ikanyamaza, ikalia tena. Mifugo yote isiyokuwa na mwenyewe kwenye karatasi ilimalizwa. Muuza maziwa alikatazwa hata nyama.

Nimefikiria siku ile miaka mingi. Wapo mjini waliosema kwamba yeye ndiye aliyewaua ngamia wake, kwa kichwa kigumu. Mume wangu hakusema hivyo kamwe. Lakini na mimi sikuweza kumwambia alifanya vizuri, na yeye hakuniuliza.

Baada ya hapo watu wa nje ya mji na wa mitaa ya pembezoni walihamishiwa kijiji kilichozungushiwa uzio, wakatoka kwa kibali na kurudi kwa kibali. Yeye naye alihamishwa; kibanda chake kilichomwa. Nilimtembelea nilipopata ruhusa. Alikuwa akikamua mbuzi wa wengine kwa malipo ya kitoto kimoja cha mbuzi. Kikaibiwa. Akaanza tena, akapata cha pili, kikafa kwa kuhara. Akaanza tena. Nilipomhurumia, alikasirika.

"Kuanza ni kazi yangu. Nimezoea polepole."

Na habari ya binti yake ilimfikia humohumo ndani ya uzio. Dereva wa lori aliileta, akaisema akiwa amevua kofia. Msichana alishikwa na uchungu Modogashe, mtoto akawa amekaa vibaya. Mumewe alihangaika siku mbili kutafuta kibali cha kumleta hospitali. Kilitoka siku ya tatu.

Nilikuwepo. Muuza maziwa alimsikiliza hadi mwisho, mkono mmoja ukiwa bado kwenye kiwele cha mbuzi.

"Mtoto?" akauliza.

"Yuko hai. Wa kike."

"Nani nanyonyesha?"

Dereva hakujua. Muuza maziwa akamalizia kukamua. Kisha akaenda nyuma ya kibanda, na mimi sikumfuata, kwa kuwa nilisikia anapiga kichwa chake kwenye nguzo, polepole, kwa mpigo mmoja, kama mtu anayetwanga.

Vita vilipotulia na nyua kufunguliwa, alitoweka. Nilidhani amekufa. Lakini mwaka uliofuata mume wangu alipelekwa Modogashe kuezeka upya zahanati, nami nikafuatana naye, na siku ya pili, visimani, nikamwona. Alikuwa amekonda, mkavu kama ukuni, ameshika kamba ya mtamba wa ngamia mwenye umri wa mwaka hivi. Alinitazama toka unyayo hadi utosi.

"Bado mwembamba," akasema.

Alikuwa amemtumikia mkwewe muda wote ule, akichunga na kukamua, yeye mama mkwe wa mtu, jambo la aibu ambalo watu walilisema mbele yake. Ujira waliopatana ni mtamba mmoja. Na alikuwa ameomba kitu cha pili, mjukuu wake, aondoke naye amlee. Mkwewe alikuwa amekaa kivulini karibu na kisima, mzee sasa, hana ubaya usoni. Alinieleza mwenyewe, kwa adabu.

"Nimemwambia kimoja. Mtoto au mtamba. Mtoto ni damu yangu, na mtamba ni mali yangu. Siwezi kutoa vyote."

"Na amechagua?"

Mzee akaelekeza kidevu kwenye kamba iliyokuwa mkononi mwa muuza maziwa.

Nikamwendea muuza maziwa. Mtoto alikuwa amesimama penye ua wa miiba, msichana wa miaka miwili na ushei, tumbo kubwa, miguu kama vijiti, nywele zimegeuka nyekundu kwa njaa. Mke mwenza aliyebaki akimlea alikuwa na watoto wake watano.

"Eddo, mtoto wa mwanao! Umemwacha ukachukua mnyama?"

"Mtoto ina baba," akasema.

"Mtazame. Mtazame kwanza."

"Nimemtazama kila siku. Wewe umemtazama leo." Akageuka kunikabili. "Nikichukua mtoto, natoka na mtoto na mkono tupu. Atakunywa nini? Mate yangu? Tutafika barabarani, tutaomba, tutakufa wawili. Nikichukua huyu, miaka minne anazaa, iko maziwa. Nakuja na maziwa, namchukua."

"Miaka minne ni mingi kwa mtoto, Eddo."

"Najua hesabu."

"Huenda usimkute."

Akamfunga mtamba kamba vizuri, akafunga kibuyu kimoja mgongoni pake. Alisema anakwenda kusini, hadi Kotile. Amesikia mvua imenyesha huko na majani yameota. Ilikuwa safari ya wiki nyingi kwa miguu. Sikumwona akimkumbatia mtoto wala kumshika kichwa. Alimpita tu penye ua kana kwamba ni mbuzi wa mtu mwingine.

Mtoto akatoka uani, akamfuata. "Ayeeyo!" akaita. Bibi!

Muuza maziwa akaendelea kutembea. Mtoto akakimbia kwa miguu ile, akaanguka, akainuka. "Ayeeyo!"

Ndipo akasimama. Akainama, akaokota jiwe, akamrushia, jinsi mtu anavyorudisha mwanambuzi anayefuata kundi lisilo lake. Likaanguka karibu na miguu ya mtoto. Mtoto akasimama. Bibi yake akaokota la pili akarusha, na hilo likampata mtoto begani.

Nilikimbia nikamchukua. Hakuwa na uzito wowote, na alinuka moshi. Alinisukuma kifua kwa mikono miwili, akinyoosha shingo amwone bibi yake. Wale wawili walikuwa wameshaipita miti ya mwisho. Muuza maziwa hakugeuka. Alikuwa ameweka mkono shingoni mwa mtamba, na upepo ulituletea sauti yake. Alikuwa anamwimbia.